Kazi ya Ustawi wa Jamii Si Kazi ya Kugawa Sukari

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Leo nimeshika kalamu kuwatetea watu ambao sisi wanafunzi huwadharau kila mara tunapozungumza juu ya kazi tutakazofanya baada ya shule. Watu hao ni wale wa ustawi wa jamii. Ndugu msomaji, nakuomba unisome hadi mwisho ndipo unihukumu.

Muhula wa kwanza tulikuwa na siku ya kuchagua kazi. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha alituambia kila mmoja asimame aseme anataka kuwa nani maishani. Madaktari walikuwa kumi na wawili. Mawakili walikuwa saba. Marubani walikuwa wanne, ingawa nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuigusa ndege kwa mkono. Wote walipigiwa makofi. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi nataka kuwa afisa wa ustawi wa jamii."

Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Ati nini? Si hiyo ni kazi ya kina mama! Kazi ya kugawa sukari na blanketi!" Hata mwalimu alitabasamu kidogo. Niliketi nikiwa nimeona haya, na jibu langu likanikwama kooni. Makala haya ndiyo jibu lile ambalo sikuweza kulitoa siku hiyo.

Aisifuye mvua imemnyea. Mimi sikuichagua kazi hii kwa kuisoma kwenye kitabu. Niliiona ikifanywa.

Mwaka jana tulipokuwa kidato cha pili tulikuwa wavulana wanne tuliokuja shuleni pamoja kila asubuhi. Nyote mnajua sisi wa shule ya kutwa tunavyoamka gizani, tukatembea kwenye umande, tukafika suruali zimelowa hadi magotini. Siku moja mwenzetu mmoja hakutokea njia panda. Tulidhani ni malaria. Wiki ikapita, ya pili ikapita, kisha ukweli ukajulikana. Alikuwa ameteremka Mbeere kuchuma muguka.

Msomaji wa Embu hahitaji kuelezwa. Wale wa upande wa Igembe na Tigania nao wana miraa yao, na hadithi ni ile ile. Kibarua cha muguka hakikuulizi cheti. Unachuma leo, unalipwa leo. Mvulana wa miaka kumi na mitano akishika hela jioni, ni vigumu kumwambia angojee miaka mingine kadhaa ndipo aone faida ya hesabu za logi.

Mwenzetu huyu hana baba. Analelewa na cucu wake pamoja na wadogo wake wawili. Kiongozi mmoja wa kijiji alipopata habari alifika pale nyumbani na sauti kubwa. Alimfokea cucu mbele ya majirani, akamwambia atashtakiwa kwa kumnyima mtoto elimu. Matokeo yake? Rafiki yetu alilala kwa watu wiki nzima, halafu akahamia shamba la mbali zaidi. Naye cucu akaanza kufunga mlango kila aliposikia pikipiki.

Kisha akaja mama mmoja wa mambo ya watoto. Nilikuwa pale siku ile kwa sababu nilikuwa nimepeleka mahindi ya mbegu niliyotumwa na mama. Alishuka kwenye bodaboda, viatu vyake vimejaa vumbi. Hakuuliza habari ya shule hata kidogo. Alimsalimu cucu kwa heshima, akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo akaanza kumsaidia kupukuchua mahindi. Wakaongea juu ya mvua. Wakaongea juu ya mguu wa cucu unaouma. Ndipo akauliza polepole, "Cucu, unga wa nyumba hii hununuliwa na nani?" Cucu akanyamaza, kisha akalia.

Mara ya pili alimpata rafiki yetu mwenyewe. Hakumkemea. Alimuuliza analipwa ngapi kwa siku na pesa inakwenda wapi. Baadaye rafiki yetu alitueleza kwamba siku hiyo alisema jambo ambalo hata sisi marafiki zake hatukulijua. Hakuacha shule kwa kuchukia masomo. Alikuwa na deni la chakula cha mchana, na kila saa ya chakula alikuwa akienda nyuma ya darasa akijifanya anasoma, ili tusione kwamba hana sahani. Sisi tulimwita msomi! Tulikuwa tukimcheka. Kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mara ya tatu yule mama alikuja shuleni pamoja na cucu. Walikubaliana na shule deni lilipwe kidogo kidogo. Cucu akaonyeshwa namna ya kujaza fomu ya basari. Muhula uliofuata rafiki yetu alirudi. Sitawadanganya kwamba sasa anaongoza darasa. Yuko katikati, na Jumamosi bado huchuma muguka. Lakini yuko darasani.

Hebu basi niulize, sukari iko wapi hapo? Blanketi liko wapi? Mama yule hakutoa hata shilingi moja kutoka mfukoni mwake. Alichokuja nacho ni maswali yaliyopangwa vizuri na subira ya kungoja majibu. Niliposubutu kumuuliza alijifunzia wapi mambo hayo, alicheka akaniambia, "Hii ni kazi ya kusomea, kijana. Ukitaka kujua inaweza kumfikisha mtu wapi, tafuta habari za Phoebe Asiyo. Alipitia hapa hapa Embu."

Nilitafuta. Niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nisimame siku ile darasani.

Phoebe Muga Asiyo alizaliwa mwaka 1932 huko Karachuonyo, karibu na Ziwa Viktoria. Alisoma Gendia na Kamagambo, kisha akaja kusomea ualimu Kangaru, hapa Embu. Naam, Kangaru hii hii tunayoijua sote. Alifundisha, lakini hakukaa ubaoni maisha yake yote. Alifanya kazi ya ustawi wa jamii mjini Nairobi, katika miaka ambayo Mwafrika hakuwa na sauti katika mji huo. Wakati huo kulikuwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Chama kilikuwa mikononi mwa wanawake wa Kizungu. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu tu.

Kisha aliingia katika idara ya magereza, na mwaka 1963 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia cheo cha msimamizi mwandamizi wa magereza. Hapa ndipo nataka yule ndugu yangu wa kiti cha nyuma aliyesema "kazi ya kina mama" asikilize vizuri. Gereza ni mahali ambapo watu wengi wangesema ni pa wanaume. Yeye aliingia, akatazama kwa macho yake, akaona wafungwa wanawake wakiwekwa katika magereza yale yale ya wanaume, pamoja na hatari zote zinazofuatana na jambo hilo. Hakutosheka kuwahurumia wala kuwapelekea sabuni. Alipigania watengewe magereza yao.

Mnaona tofauti? Mtu mwenye huruma tu hupeleka sabuni gerezani, akarudi nyumbani akalala usingizi mzuri. Mtu wa ustawi wa jamii huuliza kwa nini mambo yamepangwa hivi, na ni nani anayeweza kuyapanga upya. Sabuni huisha, lakini mpango ukibadilika humfaa hata mfungwa wa kesho.

Swali hilo hilo ndilo lililompeleka Bungeni. Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa mbunge wa Karachuonyo, na mwaka 1992 akarudi tena. Mwaka 1997 alipeleka Bungeni hoja ya kuongeza idadi ya wanawake katika uongozi. Hoja hiyo ilianguka. Wabunge wengi waliikataa. Angeweza kwenda nyumbani akastarehe, umri ulikuwa umeshafika. Badala yake alikuwa mmoja wa makamishna wa tume iliyozunguka nchi kukusanya maoni ya wananchi juu ya Katiba mpya. Katiba ilipopitishwa mwaka 2010, iliandikwa ndani yake kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kazi yenyewe haijaisha, kwani Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza kanuni hiyo. Mama Asiyo aliaga dunia Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 92.

Mwalimu, mtu wa ustawi wa jamii, msimamizi wa magereza, mbunge, kamishna. Mtu aweza kusema hizo ni kazi tano. Mimi naona ni kazi moja. Kila mahali alianza kwa kuingia pale watu walipo, akasikiliza, kisha akayapeleka aliyoyasikia kwa wenye uwezo wa kubadilisha mpango.

Huenda mwingine akasema, "Mambo ya Nairobi na Karachuonyo hayo. Sisi watu wa Meru na Embu yanatuhusu nini?" Basi tuje nyumbani. Nitagusa jambo ambalo wazee hawapendi tuliguse, nami nitaligusa kwa adabu. Ni jambo la tohara ya wasichana.

Mwaka 1956, katika wilaya ya Meru, wazee wa Njuri Ncheke walitoa amri ya kuipiga marufuku tohara hiyo, huku serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yao. Amri ilikuwa kali. Lakini wasichana wengi hawakuitii. Walienda kujikata wenyewe au kukatana wao kwa wao, hata wakapewa jina la Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja amri ile. Fikiria! Amri iliyokusudiwa kuwakinga wasichana iliwafanya wengine wajiumize vichakani, bila mama wala shangazi karibu. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyewauliza wao tohara ile ilikuwa na maana gani kwao. Machoni mwao ilikuwa ndiyo mlango wa kuwa mtu mzima. Ukiuziba mlango bila kufungua mwingine, watu watapita dirishani.

Sasa tazama yaliyofuata. Miaka ya 1990 Maendeleo ya Wanawake, chama kile kile alichowahi kukiongoza Mama Asiyo ingawa wakati huo hakuwa tena kiongozi wake, kilianza kwa utafiti. Kilikwenda katika wilaya nne, Meru ikiwa mojawapo, kuwauliza watu wenyewe. Majibu yalipopatikana, mwaka 1996 kule Gatunga, Tharaka, ilifanywa sherehe ya kwanza iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara ya maneno. Wasichana walikaa pamoja kando kwa siku kadhaa wakifundishwa juu ya miili yao, heshima na wajibu wa mtu mzima, kama zamani. Walipotoka palikuwa na nyimbo, zawadi na chakula. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa kisu.

Mama yangu ni mzaliwa wa Tharaka. Dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa miongoni mwa wasichana waliopitia mafunzo hayo miaka iliyofuata. Nilipomuuliza mama alinijibu kwa ufupi tu, macho yake yakiwa kwenye sufuria, kwani si mazungumzo rahisi kati ya mama na mwanawe wa kiume. Alisema, "Cucu wako hakukubali alipotishwa na askari. Alikubali walipokuja kina mama wenzake, wakakaa naye." Sikuuliza zaidi. Nililiandika neno hilo kwenye jalada la daftari langu.

Simaanishi kwamba sheria haina kazi. Mwaka 2011 nchi yetu ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji, na ni vizuri, kwani msichana anayekataa anahitaji mahali pa kukimbilia. Ninachosema ni kwamba sheria peke yake huwafanya watu wajifiche, kama rafiki yetu alivyojificha yule kiongozi alipokuja akifoka. Nao ushauri peke yake bila sheria hukosa meno. Ni lazima awepo mtu katikati anayeijua sheria na pia anajua kuketi kwenye kigoda. Mtu huyo ndiye afisa wa ustawi wa jamii.

Sasa nijibu hoja za wenzangu moja moja, maana sitaki kuitwa mkimbizi wa mjadala.

Wengine husema kazi hii haihitaji masomo, moyo mzuri unatosha. La hasha! Yule kiongozi aliyemfokea cucu huenda naye alikuwa na moyo mzuri. Alitaka mtoto asome. Alichokosa ni ujuzi. Hata huko Marekani, mama aitwaye Jane Addams alipofungua nyumba ya Hull House mjini Chicago mwaka 1889, alihamia kuishi mle mle katika mtaa wa wahamiaji maskini ili ajifunze kutoka kwao. Yeye na wenzake walichunguza hali ya nyumba, mishahara na kazi za watoto kabla ya kuidai serikali chochote. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Leo ustawi wa jamii husomewa hata chuo kikuu. Hapo hutapita kwa moyo mzuri tu, kuna mitihani.

Wengine husema ni kazi ya kina mama. Mimi nawauliza, hawa wavulana wanaoacha shule kwa ajili ya muguka na miraa, ni nani atakayewafuata kule mashambani? Yuko mvulana atakayemweleza mwanamke haja zake zote, na yuko ambaye hatazisema ila kwa mwanamume mwenzake. Ikiwa Mama Asiyo aliweza kuingia gerezani wakati watu wakisema si mahali pake, mimi nitashindwaje kuingia katika kazi ambayo watu wanasema si yangu?

Wengine husema mshahara ni mdogo. Hapo sitabisha sana. Yule mama alikuja kwa bodaboda, si kwa gari kubwa. Lakini tukikimbilia sote kazi za magari makubwa, siku nyanya yako atakapofunga mlango kwa hofu, ni nani atakayeubisha kwa upole?

Kwa hayo yote nina maombi matatu. La kwanza ni kwa walimu wetu wapendwa. Siku ya kuchagua kazi mwakani, pamoja na daktari na wakili, tafadhali mwalikeni afisa wa watoto au wa ustawi wa jamii aje atueleze kazi yake. La pili ni kwa chama chetu cha Kiswahili. Sisi hujisifu kuwa mabingwa wa maneno. Basi mwenzetu yeyote akikosa shule wiki moja, wawili wetu tufike kwao kabla jina lake halijakatwa kwenye sajili. Tusiende kumhoji kama polisi. Twende tukasalimu, tukapukuchue mahindi, tukasikilize. La tatu ni kwa wewe unayesoma. Saa ya chakula leo, tazama nyuma ya darasa. Ukimwona mwenzako anasoma wakati kila mtu anakula, usimwite msomi. Mwite mle pamoja.

Sisemi sote tuwe maafisa wa ustawi wa jamii. Taifa linahitaji madaktari, na marubani wetu wanne nawatakia safari njema. Ninachoomba ni kwamba mwakani, mwanafunzi mwingine akisimama akasema anataka kazi hii, naye apigiwe makofi.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu